Mawe ya Bluu Yaliyoonekana Kijani

Ujumbe ulikuja Jumatatu asubuhi, nikiwa naosha vyombo nje, nyumbani kwetu Buswelu. "Dada, mkufu umefika. Nilinunua wa mawe ya kijani. Haya ni ya bluu." Chini yake kulikuwa na picha mbili. Moja ni ile niliyoiweka mimi kwenye ukurasa wangu wa duka. Nyingine aliipiga yeye, mkufu ukiwa kwenye kiganja chake, nje, mchana kweupe. Nilifuta mikono kwenye kanga nikazitazama. Kwenye picha yangu mawe yalikuwa ya kijani, kijani cha jani la mgomba likishapata mvua. Kwenye picha yake yalikuwa ya bluu, na hakuna mtu ambaye angeweza kumbishia.

Mkufu ulikuwa uleule. Niliufunga kwenye kiboksi mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, palepale sebuleni.

Wakati huo nilikuwa nimeuza mapambo mtandaoni kwa mwaka na nusu hivi. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mapokezi kwenye shule moja ya binafsi, na shule ilipopunguza wafanyakazi nami nikapunguzwa. Nilianza na hereni za shaba za fundi mmoja wa Igogo, mwanamke wa rika langu ambaye hukaa barazani kwake na nyundo ndogo, akiponda shaba mpaka inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Yeye alitengeneza, mimi nilipiga picha, nikajibu wateja, nikafunga mizigo na kuipeleka stendi. Nyumbani nilikuwa naishi na mama yangu, aliyehamia kwangu kutoka Kagera baada ya magoti kuanza kumsumbua. Kila nilipotandaza hereni mezani aliniuliza kama zimepata mwenyewe.

Kuna jambo nililokuwa nalijua na sikumwambia mtu. Simu yangu ina sehemu ya kurekebisha picha. Unavuta kidole kidogo kulia, shaba inageuka dhahabu. Unavuta tena, kijiwe cha kioo kinawaka kama taa. Nilikuwa navuta. Mwanzoni kidogo, baadaye bila kufikiri, kama mtu anavyoongeza sukari kwenye chai kila siku mpaka chai ya kawaida haipiti tena kooni. Wateja wengine walipopokea mizigo walinyamaza. Mmoja aliandika tu, "Asante, imefika," na hakununua tena. Nilielewa kilichomkuta, nikajifanya sikuelewa. Ikawa kila mzigo unapokaribia kufika, simu ikilia nashtuka kama niliyeiba kitu.

Lakini picha ya mkufu ule sikuwa nimeirekebisha hata kidogo. Ndiyo maana niliduwaa. Mara hiyo moja nilikuwa sina kosa, na ndiyo mara niliyokamatwa.

Kabla sijamjibu, mteja alikuwa ameshaandika hadharani chini ya picha yangu: "Wenzangu muwe makini na duka hili. Picha ni kitu kimoja, mzigo kitu kingine." Wengine wakaingia. Mmoja akasema hereni zake nazo zilifika zimefifia. Mwingine, ambaye sikumbuki hata kumuuzia kitu, akaandika neno moja tu: tapeli. Nililisoma neno lile mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mama aliniona nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, vyombo havijaisha.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna aliyefariki, mama."

"Basi inuka umalize vyombo. Mengine utaniambia ukishasimama."

Nikamaliza vyombo, nikampigia mteja. Sauti yake ilikuwa ya mtu mkubwa kuliko mimi, nikaanza na shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye mwenye duka?"

"Ndiye mimi. Dada, naomba nikurudishie hela yako leo hii hii."

"Hela nitaivaa shingoni? Mdogo wangu anaolewa, sendofu ya kumuaga ni Jumamosi. Sare zetu ni za kijani na mkufu ni wangu mimi, dada mkubwa. Njoo na mawe yote uliyonayo. Nipo kazini Nyegezi, njoo mchana nikipumzika."

Nilipita Igogo kwanza. Fundi alinimwagia kwenye mfuko wa karatasi kila kijiwe cha kijani alichokuwa nacho, akaniuliza mara tatu kama tumepelekwa polisi. Nikamwambia bado. Sikusema kwa utani.

Kazini kwake kulikuwa kliniki ya meno. Nilidhani nitamkuta mapokezi au kwenye kiti cha daktari, lakini msichana wa mapokezi alinipeleka chumba cha nyuma, na huko nikamkuta mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, koti jeupe, miwani imening'inia kifuani, amezungukwa na mataya ya plasta yaliyopangwa kwenye rafu kama vikombe. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mkufu wangu ulikuwa mezani pake, juu ya kitambaa cha kijivu.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Hakunipa nafasi.

"Hii picha ulipigia wapi?"

"Sebuleni."

"Sebuleni kuna nini? Niambie vyote. Ukuta rangi gani, taa gani, pazia gani."

Nikamwambia. Ukuta wa krimu. Taa naizima mchana. Pazia la njano iliyokolea, ambalo nalifunga kwa sababu jua la upande ule ni kali na mama anapenda giza kidogo.

Akacheka, cheko fupi, la kwanza tangu niingie. "Pazia la njano limefungwa, jua linapita humo, halafu unaweka mawe ya bluu chini yake. Ulitarajia yawe rangi gani?"

Akaniita dirishani. Alichukua kijiti chenye meno ya mfano yaliyopangwa kuanzia jeupe mpaka la manjano ya chai, akakisogeza karibu na jino langu la mbele, akaniambia nijitazame kwenye kioo cha mkononi. Jino la tatu kwenye kijiti lilifanana kabisa na langu. Kisha akanishika bega akanisogeza mpaka katikati ya chumba, chini ya taa. Jino lilelile la mfano sasa lilikuwa la mtu mwingine.

"Nikiwa mgeni kwenye kazi hii," akasema, "nilimtengenezea mama mmoja jino la mbele. Nililichagua hapa chini ya taa. Likakaa vizuri, tukashukuriana. Akatoka nje. Hakufika getini, akarudi analia. Juani lile jino lilikuwa kama chaki. Nililitengeneza upya kwa siku tatu na sikupata usingizi. Tangu hapo sichagui rangi yoyote mbali na dirisha, na mgonjwa akija amepaka mdomo rangi nyekundu namwambia aifute kwanza, maana nayo inadanganya."

Nikajikuta namwambia kila kitu. Kwamba picha ile sikuigusa, ila nyingine zote niligusa. Kwamba yule aliyeandika hereni zake zimefifia alikuwa anasema kweli. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu aliyenishtaki mbele ya watu. Labda ni kwa sababu alishanisimulia la kwake.

Hakunifariji. Alichukua simu yake, akafungua picha moja ya hereni zangu, pana za duara, akaikuza mpaka shaba ikajaa kioo chote.

"Huyu ni nani?"

Nilisogea. Katikati ya hereni kulikuwa na mtu mdogo mwenye kilemba, amenyanyua mikono miwili usoni, na nyuma yake kochi na pazia la njano. Nilikuwa mimi. Kwa mwaka na nusu nilikuwa nauza hereni nikiwa ndani yake.

"Kitu kinachong'aa ni kioo," akasema. "Hukupiga picha ya hereni. Umepiga picha ya sebule yako."

Nilicheka mpaka msichana wa mapokezi akachungulia. Sikuwa nimecheka tangu asubuhi, na kilichonifungua kifua ni hicho: kwamba sehemu ya tatizo langu ilikuwa pazia na kochi, vitu vinavyoweza kusogezwa.

Tulikaa pale dirishani na kipande cha kitambaa cha sare, tukilinganisha vijiwe kimoja kimoja. Vingi havikufaa. Tulipata saba vilivyokubaliana na kitambaa, na mkufu ulihitaji saba. Jioni ileile nilikuwa Igogo, na Alhamisi fundi alikuwa ameshabadilisha yote. Niliupeleka Nyegezi kwa mteja mimi mwenyewe. Aliuweka juu ya kitambaa, akautoa nje, akaurudisha ndani, akautoa tena. "Haya," akasema, na mbele yangu akafuta maneno aliyoandika kwenye ukurasa wangu, akaandika mengine kwamba mwenye duka amekuja na amerekebisha. Sikuwa nimemwomba. Nilitoka pale miguu ikiwa miepesi kiasi kwamba nilipita kituo nilichopaswa kupandia gari, ikabidi nirudi.

Kurekebisha picha zenyewe haikuwa kazi ya siku moja. Nililitoa pazia. Mama akalalamika kwamba majirani watamwona anavyokula. Nikalirudisha pazia, nikahamia kibaraza cha nyuma, ambako jua haligongi moja kwa moja. Nikatwaa boksi la sabuni, nikalikata pande mbili, nikalivika karatasi nyeupe ndani. Mbele nikasimamisha karatasi nyingine nyeupe yenye tundu la kutosha jicho la kamera tu, ili hereni zisinione tena. Simu niliiegemeza kwenye tofali, nikaiweka ijihesabie sekunde ijipige yenyewe, maana kila nilipogusa kitufe picha ilitikisika. Nilisafisha hereni kwa kitambaa laini, nikazishika kwa kibano cha nyusi zisipate alama za vidole. Kisha nikakumbuka kusafisha na kioo cha kamera, ambacho kilikuwa na mafuta ya mwezi mzima.

Picha zikatoka safi na zimekufa. Kila kitu cheupe, shaba imelala kama sufuria kuukuu, hujui hereni inaishia wapi na karatasi inaanzia wapi. Nilipiga zaidi ya mara thelathini. Kidole kilikuwa kinaniwasha kurudi kule kwenye kurekebisha, kuvuta kidogo tu kulia. Nikampigia fundi wa meno badala yake.

"Umeizungushia weupe pande zote?" akauliza.

"Pande zote."

"Basi imekosa cha kuonyesha. Sisi tukipiga picha ya meno ya mbele tunaweka kibao cheusi nyuma yake, ndipo ncha ya jino inaonekana. Weka kitu cheusi upande mmoja. Chembamba tu."

Nilitazama huku na huku. Kitu cheusi pekee kilichonyooka ndani ya nyumba kilikuwa kitabu cha nyimbo cha mama, chenye jalada gumu jeusi. Nilikisimamisha kando ya boksi. Papo hapo mstari mweusi ukapita kwenye ukingo wa hereni, na shaba ikasimama. Ilikuwa na mviringo, ilikuwa na unene, alama za nyundo za fundi zilionekana moja moja. Sikuwa nimewahi kuziona kwenye picha, na ndizo zilizonifanya nizipende hereni zile siku ya kwanza nilipozishika. Nilikuwa nimezifuta mwenyewe kwa kung'arisha.

"Waitu!" mama akashangaa kwa Kihaya nyuma yangu. "Hicho ni kitabu cha nyimbo, siyo ubao."

"Mama, nakiazima mpaka Jumapili."

"Jumapili saa mbili kiwe mezani. Na usikimwagie maji."

Kilikuwa mezani saa moja. Jumatatu akanirudishia mwenyewe bila kuombwa, akavuta kiti chake karibu kutazama. Wakati huo nilikuwa nahangaika na bangili. Wateja walikuwa hawajui ukubwa wake. Wengi walidhani ni kubwa kuliko zilivyo. Nilihitaji mkono, na mkono wangu ulikuwa unashika karatasi.

"Mama, nipe mkono."

"Huu? Nani atanunua bangili kwenye mkono wa kizee?"

"Nipe tu."

Aliunyoosha kwenye mwanga. Mkono wa mtu aliyepalilia migomba na kuchuma kahawa miaka mingi, mishipa imepanda juu, kucha fupi. Bangili ya shaba ilikaa pale kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Sikurekebisha chochote. Nilipomwonyesha picha aliisogeza simu karibu na macho, akasema, "Huu ni mkono wa mama yangu," akaendelea kuutazama.

Lililobaki ndilo gumu. Picha za zamani zilikuwa bado ukurasani, na chini yake maneno ya watu. Fundi wa Igogo alishauri niziache zizame zenyewe, mpya zije juu. Nilifikiri siku mbili. Kisha nikazitoa zote, nikaandika maneno machache: kwamba picha zangu za nyuma ziling'arishwa kuliko mali yenyewe, kwamba kuanzia sasa kinachoonekana ndicho kitakachofika, na kwamba yeyote aliyenunua akakuta tofauti arudishe, nitapokea. Nilibonyeza, nikaiweka simu kifudifudi chini ya mto kama kitu kinachouma.

Aliyenijibu kwanza aliandika, "Kumbe kweli ulikuwa unatudanganya." Nilimjibu ndiyo. Walioomba kurudisha walikuwa watatu; nilitarajia wawe wengi mno. Mmoja wao alipoona picha mpya akabadili mawazo akasema anabaki na zake, maana sasa ameelewa kwamba hizo alama si ubovu, ni nyundo. Baada ya hapo pakawa kimya. Wiki mbili hakuna aliyeagiza hata pete. Shaba kwenye picha za kweli haikuwa dhahabu, na niliwaona watu wakipita kama wanavyopita mbele ya kibanda. Mara moja nilifungua picha mpya nikaweka kidole pale pale pa kuvuta rangi. Mama alikuwa anakoroma kwenye kiti chake. Nikaondoa kidole.

Kisha akaja mteja wa Ukerewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Aliandika Kiswahili kamili, kila nukta mahali pake. Alitaka bangili ile iliyo kwenye mkono wa yule bibi, akauliza kama alama zinazoonekana zipo kweli au ni kivuli. Nikamjibu zipo. Akauliza kama rangi ni hiyohiyo hata juani. Nikatoka nje na bangili, nikaipiga picha nyingine juani, nikaituma bila kuiangalia mara mbili. Akasema basi anaiagiza.

Mzigo uliondoka na kivuko asubuhi. Nilikuwa nimejiambia sitasubiri, nikasubiri. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilimkatia mama kucha. Saa tisa alasiri simu ikalia, nami nikashtuka kwa mazoea.

Alikuwa ametuma picha. Mkono wake, mnene, wenye saa ya mkanda wa ngozi, na bangili chini ya saa. Nyuma yake madawati na dirisha la darasa. Chini aliandika, "Imefika. Ni yenyewe."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Nilirudi kwenye picha yangu, nikaja kwenye yake, nikarudi kwangu, nikitafuta tofauti kama mtu anayetafuta mwiba. Haikuwepo. Ilikuwa shaba ileile, wekundu uleule unaojificha kwenye njano yake, na bonyeo moja karibu na kifungo ambalo fundi alitaka kulisawazisha nikamwambia aliache. Kitu kilinishuka kutoka mabegani, kitu nilichokuwa nimekibeba muda mrefu hata nikasahau kwamba ni mzigo. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya uchungu.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamesema ni yenyewe."

"Ni yenyewe nini?"

"Bangili, mama. Wamesema bangili ni yenyewe."

Akanitazama kama anayeangalia mtoto aliyesifiwa kwa kusema ukweli kwamba leo ni Jumatano. "Sasa ulitaka iwe ipi?" akasema. Akaniomba nimpashie chai.

Niliipasha. Tukanywa kibarazani na viazi vilivyobaki mchana, karatasi nyeupe zikipepea ndani ya boksi la sabuni. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa, na mwanga ukawa laini, ule ambao nimejifunza kuupenda kuliko jua. Siku nyingine ningeruka kuwahi kupiga picha. Siku hiyo nilivua viatu, nikajilaza kwenye mkeka miguuni pa mama, na nililala usingizi mzito alasiri ile hadi aliponiamsha kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kutulowesha.